Mjadala: Aoe tu ili wazazi wapumue?

Jana mchangiaji mmoja aliandika hapa kwamba kijana wa Kichina anayependa wanaume wenzake "aoe tu, azae, amalize deni la wazazi, mengine abaki nayo moyoni". Napinga, na ninayemtetea ni huyo binti anayeolewa.

Deni lenyewe silidharau. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Mengzi, mwanafalsafa wa Kichina, alifundisha kwamba katika makosa ya mtoto kwa wazazi, kubwa kuliko yote ni kukosa uzao. Ikaja sera ya mtoto mmoja, tangu 1980 hadi 2015, na nyumba nyingi zikabaki na mwana mmoja anayetazamwa na ukoo mzima. Ndiyo, kosa la "uhuni" walilokamatiwa mashoga lilifutwa 1997, na 2001 madaktari wa akili wakaacha kuwahesabu wagonjwa. Ila kijana akirudi kwao sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, shangazi hamuulizi sheria, anamuuliza mchumba yuko wapi.

Nimekaa Guangzhou nikisafirisha mizigo. Kijana mmoja wa pale ghalani alielewana na binti anayependa wanawake wafunge ndoa ya jina tu, wenyewe huiita xinghun. Wiki ya kuelekea sikukuu niliwakuta wamekaa juu ya maboksi wakiulizana: mama yako anakunywa chai gani? Tulikutana wapi? Nani alianza kumsalimia mwenzake? Binti anaandika majibu kwenye simu. Niliwahurumia sana, lakini sikuona aliyedhulumiwa, maana wote wawili walijua.

Ninachokataa ni kumwoa asiyejua lolote. Wapo wengi kiasi kwamba Kichina kina neno lao, tongqi, mke wa shoga. Miaka nenda rudi anajiuliza ana kasoro gani mpaka mumewe hamgusi, na akija kujua, ana mtoto mgongoni.

*Mchangiaji wa pili:* Ndugu, wewe hujauguza mzazi. Mama ana presha, umwambie ukweli aanguke, utamzika wewe? Taiwan wameruhusu ndoa zao tangu 2019, lakini mama wa kule naye bado anataka mjukuu.

*Jibu langu:* Pole kwa kuuguza, kaka. Simlazimishi mtu amwambie mama yake. Anyamaze, akae bila kuoa, au afanye kama yule wa ghalani. Asichukue tu binti wa mama mwingine akamfanya dawa ya presha ya mama yake.