Naomba ushauri: mpiga drams wetu ana mikono hatari, ila watu hawachezi

Wakuu, habari zenu. Napiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi hapa Dar, kumbi na harusi. Tumepata mpiga drams kijana, anashinda YouTube akimtazama Buddy Rich, yule mpiga drams wa jazi wa Marekani aliyesifika kwa kasi, na mikono yake ni miepesi kweli.

Tatizo ni jukwaani. Rumba ikiwa bado taratibu, mwimbaji yuko kwenye mashairi, yeye keshamwaga manjonjo juu ya sauti. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ndiyo balaa: pale mchezaji anataka sneya na haihati (ngoma ya mlio mkali na visahani vya kushika mdundo) zisizoyumba, yeye anazunguka tomu zote, zile ngoma nyingine za seti, kama anafukuza nyuki, akirudi kwenye mdundo kasi imeshapanda. Mimi na mpiga gitaa la rithimu tunatazamana tu, watu wanarudi kukaa.

Nikamwambia amsikilize Charlie Watts, aliyepiga drams na Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, tangu 1963 hadi alipofariki 2021, kwa seti ndogo tu ya drams. Akasema hayo ni mambo ya kitoto, akanitajia Tony Allen, mpiga drams wa Fela Kuti wa Nigeria, ambaye kila mkono na mguu ulikuwa na kazi yake. Hapo ana hoja, sikatai. Lakini kwa Tony Allen watu walicheza!

Sitaki kumvunja moyo, na kiongozi wa bendi anampenda maana solo zake zinashangiliwa. Waliowahi kukaa na mtu wa hivi, mlifanyaje? Mlimpunguzia tomu? Mlimtengea solo yake, kwingine atulie? Na nimwambie mwenyewe, au nipitie kwa kiongozi?