PS4 ya mtumba yenye CD au PS5 ya dijitali? Jumamosi naenda Kariakoo

BabaWawili_Moro
Wakuu habari za jioni. Jumamosi Mungu akipenda nashuka Dar kwa shughuli zangu, nikimaliza napitia Kariakoo kuchukua gemu. Nimebaki na mawili kichwani: PS4 Slim ya mtumba, yaani mashine ya PlayStation inayoingiza CD, au nijikaze nichukue PS5 ya dijitali isiyoingiza CD kabisa, gemu unazishusha mtandaoni. Kuna jamaa kaniambia CD zimepitwa na wakati. Ipi inalipa? Sitaki kurudi Morogoro na majuto.

Fundi_Mabibo
Mkuu umetuacha njiani. Una shilingi ngapi mkononi? Anacheza nani, wewe au watoto? Nyumbani kuna intaneti ya waya au bando la simu? TV ina HDMI? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Kipanga_Tabata
PS5, usijiulize mara mbili. PS4 ni mashine ya 2013, hiyo Slim ni ya 2016. Gemu ya GTA VI imetangazwa kwa PS5 na mashine za Xbox Series tu, PS4 haimo. Unatoa pesa kununua kitu ambacho watengenezaji wanakiaga.

Salum_Likoni
Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi nasema chukua yenye CD. Huku kwetu CD ni mali. Nikimaliza gemu nampa jirani, naye ananipa yake, tunaongezana kidogo kama moja ni mpya zaidi. CD moja imepita nyumba sita kabla ya kurudi kwangu. Ya dijitali utamwazima nani?

Kipanga_Tabata
Salum, hata hivyo CD ya mpira haina thamani ya kudumu. Kila Septemba inatoka mpya, ya zamani hakuna anayeitaka.

Salum_Likoni
Ya mpira sawa, nakubali. Lakini GTA V imetoka 2013 na mpaka leo ukiitangaza jioni haifiki asubuhi.

Chuma_Tandika
Kuhusu dijitali ngoja niwape yaliyonikuta, ni marefu kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa na PS4, CD ya FC 24, gemu ya mpira, dukani nikatajiwa 130,000. Kwenye kundi moja la WhatsApp nikamwona jamaa anauza gemu za akaunti: FC, GTA V na ya mieleka, zote tatu 45,000. Unatuma pesa, anakupa imeili na neno la siri, unaingia kwenye PS4 yako, unaifanya iwe mashine kuu ya akaunti ile, unashusha gemu, kisha unacheza kwa akaunti yako mwenyewe. Sikujua kwamba akaunti hiyohiyo huwa inauzwa kwa watu wawili, mmoja anapewa praimari, yaani hiyo mashine kuu, mwingine sekondari, yaani mashine ya pili.

Nikanunua bando la usiku, nikashusha siku tatu mfululizo, simu imekaa dirishani kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Miezi miwili tukacheza raha mustarehe. Siku ya Idi shemeji zangu wamekuja, nyumba imejaa, watoto wameshapanga nani anaanza na nani. Nawasha, kila picha ya gemu ina kufuli dogo pembeni. Zote tatu. Nikajaribu kuingia kwenye akaunti, neno la siri limebadilishwa. Baadaye fundi akanieleza kwamba mwenye akaunti anaweza kuingia mtandaoni akaziondoa mashine zote kwa mkupuo, anaruhusiwa mara moja kila miezi sita. Akishaziondoa anaiuza upya. Nikampigia, kanizuia. Nikaandika kundini, nikatolewa kundini.

Idi ile tuliimalizia kwa karata. Tangu hapo nanunua CD tu.

Neema_Njiro
Pole sana kaka, inauma. Lakini wewe ulinunua akaunti ya mtu. Hiyo si dijitali halali. Mimi natumia ya dijitali mwaka wa tatu sasa, akaunti ni yangu, nasubiri ofa za sikukuu. Gemu niliyoiona kwa dola 60 niliwahi kuichukua kwa 15. CD haishuki hivyo.

Fundi_Mabibo
Dada Neema mwambie na upande wa pili. Duka la PlayStation halina Tanzania kwenye orodha ya nchi zake. Unafungua akaunti ya Marekani au Uingereza, kadi ya hapa inakataliwa, unaishia kununua vocha ya nchi ileile uliyosajili. Ukikosea ukanunua vocha ya nchi nyingine haiingii. Mzazi anayeanza leo lazima alijue hilo.

Neema_Njiro
Ni kweli, mara ya kwanza nilihangaika wiki nzima.

Mjukuu_wa_Bao
Hata ukilipa kihalali si yako. Mfano ni The Crew ya Ubisoft, ya mbio za magari. Ilitoka 2014, tarehe 31 Machi 2024 seva, yaani kompyuta za kampuni ambazo gemu inaziitaji ili ichezeke, zikazimwa na gemu ikafa. Watu walilipa pesa kamili. Ulaya wamekusanya sahihi zaidi ya milioni moja kudai sheria, na California wametunga sheria kwamba muuzaji wa dijitali aseme wazi kuwa unanunua leseni. Hili linaniudhi sana. Babu yangu aliacha bao la mninga, tunalicheza hadi leo na hakuna mtu mwenye uwezo wa kulizima.

Kipanga_Tabata
Mkuu hapo umejifunga mwenyewe. The Crew hata waliokuwa na CD hawakuweza kuicheza. CD haikuwasaidia chochote.

Mjukuu_wa_Bao
Kwa gemu inayotegemea seva, ndiyo. Nyingi hazitegemei.

BabaWawili_Moro
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Nina 850,000, nikisukumana naweza kufika milioni moja. TV inchi 32 ina HDMI mbili. Intaneti ni bando la simu. Wachezaji ni wanangu, miaka 14 na 9.

Niseme na sababu. Kuna banda la gemu nyuma ya soko, mechi moja 500. Mwezi uliopita nikagundua mkubwa anatembea kwa miguu kutoka shule ili nauli iende bandani. Nikamkalisha tukahesabu pamoja, wiki moja peke yake ilikuwa 14,000. Sikumpiga. Lakini kiatu kimeisha kisigino upande mmoja, na mimi nilidhani ni cha bei rahisi. Ndiyo maana nataka wacheze nyumbani niwaone.

Fundi_Mabibo
Ungesema hivi tangu mwanzo. Milioni moja kwa bei nilizosikia wiki hii hupati PS5 mpya, labda ya mtumba kwa mtu. Na kwa bando la simu dijitali itakumaliza, gemu nyingi kubwa sasa zinavuka GB 50, bado apdeti. Chukua PS4 Slim, padi mbili, CD mbili, chenji ibaki ya kiatu.

Kocha_Sabasaba
Baba Wawili, mimi nimekulia banda la gemu na nataka uelewe kitu. Kule sheria ni moja: anayefungwa anatoka na analipa, anayeshinda anabaki kwenye kiti. Ukishinda mechi nne mfululizo watu wamekuzunguka, wanakutaja jina. Mwanao hatembei kwa miguu kwa sababu ya gemu peke yake. Ukiweka mashine sebuleni akacheza na mdogo wake wa miaka 9 anayemfunga saba bila, baada ya wiki mbili atarudi bandani. Ruhusu rafiki zake watatu waje Jumamosi. Bei hiyo nayo iweke kwenye bajeti: kelele, maji ya kunywa, na umeme.

Neema_Njiro
Kocha umeongea jambo zito. Kwetu wanakuja watano, nimewawekea saa ya ukutani, saa kumi na mbili wanatoka.

Zai_Unguja
Nami niongeze kaka: usije ukaunganisha kadi yako kwenye akaunti wanayocheza watoto. Wangu wa miaka 12, kwenye ile gemu ya FC, alinunua pointi za kufungulia pakiti za wachezaji mara kumi na moja kwa usiku mmoja. Timu ile haihami kwenda toleo la mwaka unaofuata. Ubelgiji wameziita pakiti hizo kamari tangu 2018, na huko zimeacha kuuzwa.

Kipanga_Tabata
Basi awawekee eFootball, gemu nyingine ya mpira, ni bure tangu 2021 na hailazimishi kulipia PS Plus, ada ya PlayStation, ili kucheza mtandaoni.

Salum_Likoni
eFootball si PES, ile gemu iliyokuwepo kabla yake. PES ilikuwa mpira, hii wachezaji wanateleza kama wako kwenye vigae.

Kipanga_Tabata
Unafungwa ndiyo maana unalalamika. Njoo mtandaoni leo saa tatu.

Salum_Likoni
Saa tatu niko. Tena nachukua timu dhaifu.

Mjukuu_wa_Bao
Hiyo "bure" nayo ina duka ndani yake, msisahau.

BabaWawili_Moro
Wakuu niko dukani Kariakoo sasa hivi. Kuna Slim mbili. Moja 480,000, stika iliyofunika skrubu nyuma imetobolewa, ila wanaijaza gemu 12 bure. Nyingine 560,000, haijafunguliwa, haina gemu. Shemeji anasema ya kwanza.

Chuma_Tandika
Uliza gemu hizo 12 ziko kwenye akaunti ya nani!

Fundi_Mabibo
Ingiza CD kwanza usikilize inavyosoma. Ikikwaruza iache. Kisha shika padi, usiguse kitufe chochote, uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Na waambie wairudishe ilivyotoka kiwandani ukiwa unaangalia. Wakikataa, hamia kwenye ya 560,000.

Neema_Njiro
Na risiti yenye namba ya mashine, kaka.

Chuma_Tandika
Mkuu, wamesemaje kuhusu akaunti?

Fundi_Mabibo
Baba Wawili, bado uko dukani?