Mjadala: Kumbukumbu za msichana wa vitani ni historia, au machozi tu?

Kamwene, ndugu zangu wa Iringa na Njombe.

Juzi msibani mwalimu mmoja wa historia alinikata kauli: vitabu vya wanawake waliokulia vitani ni machozi, si historia, maana mtoto wa miaka tisa anajua nini kuhusu siasa? Nimeshindwa kulinyamazia.

Tulikuwa tukizungumzia makaburi ya Wapolandi pale Ifunda. Februari 1940 askari wa Stalin walianza kuzitoa familia majumbani mashariki mwa Poland, usiku, kwenye baridi kali, wakazipakia kwenye mabehewa ya mizigo kwenda Siberia. Hitler alipomvamia Stalin mwaka 1941, wakaachiliwa. Wanaume wengi wakaingia jeshini. Wanawake na watoto wakapitia Iran, na wengine wakaletwa kwenye kambi za Tanganyika: Tengeru, Kidugala, Ifunda. Baadhi ya wasichana wale waliandika uzeeni. Mapatano ya wakubwa hawayaelezi sana. Wanaeleza mkate wa kupimwa, chawa, mdogo wao aliyefia njiani.

Tarehe za mapatano mwalimu atazikuta kwenye nyaraka. Njaa ya mtoto ataikuta wapi?

Wapo watakaosema hao ni Wazungu, nasi tuna vita vyetu. Ni kweli, na hapo ndipo panaponiuma. Wahehe kuwashinda Wajerumani Lugalo 1891, kuanguka kwa ngome yao ya Kalenga 1894, mtawala wao Mkwawa kujiua 1898 asikamatwe, fuvu lake kurudi kutoka Ujerumani 1954: haya yote watoto wetu wanayakariri. Msichana aliyekuwa ndani ya ngome ya Kalenga mizinga ikilia, nani alimuuliza? Akakua, akazaa, akaitwa bibi, akafa na yake moyoni.

Bibi yangu alikuwa akipeleka mayai kambini Ifunda akiwa binti mdogo. Siku moja alimkuta mama wa Kipolandi amekaa chini kaburini, analia kwa sauti. "Sikujua kama Wazungu nao hulia vile," alituambia. Katika vitabu vya wasichana wa kambini nilivyosoma, muuza mayai anapita tu, hana jina. Nao hawakumwona. Kwa hiyo sisemi tuvisome vyao tuishie hapo. Nasema vinatuonyesha swali la kuwauliza wazee wetu, na muda unakwisha.

Mnaokubaliana na mwalimu, semeni. Ila kwanza nijibuni: aliyekuwa msichana Kidugala au Ifunda miaka ile, kwenu kuna aliyekaa naye akaandika?