RA inasema panda, mnara unasema shuka: nani anafuatwa?

Kipanga17
Wakuu, salaam. Niko kwenye nadharia ya urubani na sura ya TCAS, mtambo wa ndege wa kuzuia kugongana angani, imenichanganya. Inasemekana RA (amri yake ya kukwepa) ikilia rubani anaifuata hata kama mwongoza ndege ametoa maelekezo kinyume. Lakini mwongoza ndege ana rada na anaona anga yote, kisanduku kinaona majirani tu. Kwa nini kisanduku ndicho kishinde? Pili, kwa nini ni kupanda na kushuka tu, hakisemi kata kulia? Na mkono unatakiwa ufanye nini hasa?

KitiChaKushoto
Mkuu, kisanduku hakiko peke yake, na jibu liko hapo. Ndege mbili zenye TCAS II na transponda za Mode S (vifaa vinavyojibu rada, kila kimoja na namba yake ya utambulisho, yaani anwani) zinapatana zenyewe. Iliyotangulia kuchagua kupanda inaitumia mwenzake ujumbe: upande wa juu nimeuchukua mimi. Zikichagua upande mmoja kwa pamoja, yenye anwani kubwa ya Mode S ndiyo inayogeuza. Kwa hiyo wewe ukiambiwa panda, mwenzako ameshazuiwa kupanda. Mwongoza ndege hayumo kwenye mapatano hayo, na kwa kawaida hajui kama yapo mpaka umwambie. Ukimfuata yeye unaweza kwenda palepale mwenzako alikopelekwa.

Ndivyo ilivyokuwa Überlingen, Ujerumani, usiku wa tarehe 1 Julai 2002. Tu-154 ya abiria na Boeing 757 ya mizigo zote zilikuwa futi 36,000. Mwongoza ndege akaiambia Tu-154 ishuke. Sekunde 7 baadaye TCAS yake ikasema panda, ya 757 ikasema shuka. 757 ikatii mashine, Tu-154 ikaendelea kumtii mwongoza ndege, zikashuka pamoja. Sekunde 36 baada ya RA zikagongana. Watu 71 wakafa. Angalia zile sekunde 7: marubani walikuwa wameshaanza kushuka mashine ilipotoa sauti, na kugeuza jambo ulilokwisha kuanza ni kugumu kuliko kuanza upya. Japani, tarehe 31 Januari 2001, ndege mbili za Japan Airlines zilinaswa na mtego huohuo, zikaponea chupuchupu. Leo utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, uko wazi: unafuata RA isipokuwa kuifuata kutahatarisha ndege yako, na kamwe huendi kinyume chake.

Sasa mkono. TA, ile tahadhari tu isiyo amri, ikitangulia ("Traffic, traffic") usikwepe chochote. Tafuta ndege kwa macho, shika usukani, jiandae. RA ikija, toa otopailoti na zima zile alama za mwongozo kwenye skrini, maana zitaendelea kukuvutia kwenye mpango wa zamani. (Kuna ndege, kama A380 na A350, ambazo otopailoti yenyewe inaweza kuruka RA. Hapo fuata kitabu cha ndege yako.) Tazama kipimo cha kasi ya kupanda. Tuseme mshale umelala kwenye sifuri, rangi nyekundu imefunika kuanzia chini kabisa mpaka +1,500, na kipande cha kijani kinaanzia hapo hadi 2,000. Utoe mshale kwenye nyekundu, uuweke kwenye kijani, basi.

Una sekunde 5 za kuanza, kwa mvuto wa 0.25 g, yaani robo ya mvutano wa dunia. Kwenye kasi ya safari hiyo ni pua kuinuka kama digrii 2. Ndiyo, 2 tu. Futi 1,500 kwa dakika ni futi 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 20 za kupanda zinakupa futi 500. Anayevuta kama anang'oa kisiki anapita futi 1,000 na kumwangukia wa ghorofa ya juu. RA ikiongezwa nguvu au ikigeuzwa upande, muda ni sekunde 2.5 na mvuto 0.35 g.

FundiTransponda
Naongezea la kulia na kushoto. Umbali TCAS inaupata kwa kupima muda: inauliza kwenye 1030 MHz, inajibiwa kwenye 1090 MHz. Mwinuko inaambiwa na transponda ya mwenzako. Lakini uelekeo inaukisia kwa antena ndogo iliyo juu ya kiwiliwili cha ndege, na kosa la digrii kadhaa ni la kawaida. Huwezi kumwambia mtu kata kulia kwa kipimo hicho. Ndiyo maana pia hukati kona kwa kutazama ile alama kwenye ramani.

Halafu jua mipaka. Transponda isiyotuma mwinuko itakupa TA tu, RA hupati. Isiyo na transponda kabisa, kwako haipo. Yenye Mode C (transponda ya zamani inayotuma mwinuko) bila TCAS itakupa RA, ila hakuna mapatano: wewe unakwepa, yeye hana habari.

Kipanga17
Shukrani, nimewapata. Na redioni nasema nini? Na nikiwa karibu na ardhi ikaniambia shuka?

SautiYaMnara
Ruka kwanza, kusema baadaye. Unapolazimika kuacha kibali chako, maneno ni "TCAS RA". Mwongoza ndege anajibu "Roger" na kunyamaza. Hatakiwi kukugeuzia njia mpaka useme "Clear of conflict" (hatari imepita) na kwamba unarudi kwenye kibali. Akikupa amri katikati, jibu ni "Unable, TCAS RA" (siwezi), hakuna maelezo zaidi.

Kuhusu "anaona anga yote": antena ya rada ya njia za juu huchukua kama sekunde 10 kuzunguka mara moja. TCAS inauliza takriban kila sekunde. Picha yetu ni pana lakini kwa mchezo wa sekunde 20 imechelewa.

KitiChaKushoto
Karibu na ardhi: amri ya kushuka inazimwa chini ya takriban futi 1,100 juu ya ardhi, na RA zote chini ya takriban futi 1,000. Onyo la ardhi, la upepo wa ghafla na la bawa kupoteza nguvu ya kuinua yote yako juu ya TCAS.

Chunga pia "Level off". Zamani sauti ilisema "Adjust vertical speed, adjust" (rekebisha kasi ya kupanda au kushuka), na wapo walioongeza kasi badala ya kuipunguza, toleo 7.1 la TCAS likaibadilisha. Maana yake peleka mshale kwenye sifuri.

SautiYaMnara
Na RA nyingi hazina haja ya kutokea. Mtu anapanda futi 3,000 kwa dakika kwenda futi 33,000, mwenzake yuko 34,000. Kibali hakina kosa, lakini TCAS haijui kama utasimama. Futi 1,000 za mwisho shusha kasi hadi 1,500 kwa dakika au chini ya hapo ukijua kuna mtu juu yako.