Mtoa huduma kapandisha TTL kimyakimya, failova yetu ikafia mikononi mwake

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kama unalipia DNS (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva) kwa kampuni yoyote ya hosting, na unategemea skripti ikuhamishie wateja kwenye seva ya akiba pale seva kuu inapoanguka (ndiyo failova), soma hadi mwisho kisha ukapime TTL ya kwako leo hii, yaani sekunde ambazo mitandao inaruhusiwa kukaa na nakala ya anwani ya seva yako kabla ya kuuliza upya.

Sisi tunaendesha mfumo wa tiketi za mabasi. Seva kuu iko Ulaya, ya akiba iko Dar. Tulipanga hivyo baada ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tukaapa kwamba siku nyingine njia ya nje ikifa, abiria wa hapa nyumbani ahudumiwe na mashine iliyoko hapa hapa.

Mpango wenyewe hauna uchawi. Kompyuta ya tatu, ambayo haikai kwenye mtandao wa seva yoyote kati ya hizo mbili, inaita ukurasa wa ukaguzi kwa curl (programu ya kufungua kurasa kwa amri) kila dakika. Ikikosa jibu mara tatu mfululizo, inaita nsupdate, programu ya kubadilisha rekodi za DNS kwa mbali: futa rekodi ya A iliyopo (ndiyo inayobeba anwani ya seva), weka anwani ya seva ya akiba kwa TTL ya sekunde 60, tuma. Ufunguo wa siri, uitwao TSIG, ndio unaothibitisha kwamba anayeomba ni sisi. Utaratibu huu umeandikwa kwenye RFC 2136, waraka wa viwango vya intaneti, tangu 1997, si kitu cha majaribio. Kampuni tuliyoichagua ilijinadi kwamba inaukubali, na tulilipa bei ya juu kwa sababu hiyo tu. Wakati tunanunua tulipima: ukituma 60, inabaki 60.

Ijumaa jioni, stendi zimejaa, seva kuu ikafa. Skripti ikafanya kazi yake. Logi ninayo: curl imekosa jibu mara tatu, nsupdate imetuma, seva yao ya majina (ile inayotunza rekodi zetu za DNS) imejibu NOERROR, yaani ombi limekubaliwa. Seva ya akiba iko hai, data zote zipo. Watu hawaji.

Mawakala wetu pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, simu zao bado zilikuwa zinapelekwa kwenye anwani ya mashine iliyokufa. Wakaanza kuandika tiketi kwa mkono. Kiti kimoja kikauzwa kwa watu wawili, na mama mwenye mtoto mgongoni akaambiwa asubiri gari la kesho. Huyo mama hajui DNS ni nini na hana sababu ya kujua. Alilipa nauli yake.

Nikaziuliza seva zao za majina moja kwa moja kwa dig, programu ya kuuliza DNS. Anwani mpya ipo. TTL ni 14400. Nimetuma 60, wao wameandika 14400! Saa nne nzima. Na rekodi ya zamani nayo walikuwa wameshaipandisha hivyo hivyo, kwa hiyo kila mtandao wa simu uliouliza muda mfupi kabla ya seva kufa ulikuwa na ruhusa ya kushikilia anwani mbovu kwa saa nne. Hawakutuma barua pepe, hawakurudisha kosa wala onyo. Wamebadilisha kanuni katikati ya mkataba tuliokwisha kuulipia, halafu seva yao inajibu kana kwamba imetekeleza tulichoomba. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nikapiga huduma kwa wateja. Jibu: "Subiri saa 24 hadi 48 isambae duniani, na ufute kashe ya brauza." Nani anafundisha watu hivi? Hakuna kinachosambazwa. Kila seva ya kutafuta majina, ile ya mtandao anaotumia mteja, inakaa na nakala yake hadi TTL iishe, kisha inarudi kuuliza upya. Namba ya kusubiri anaiweka mwenye rekodi, na wao ndio walioivuruga. Najua zipo seva chache za mitandao zinazolazimisha muda wao wenyewe hata ukiweka 60, hilo silipingi. Lakini kuchelewa kwa wachache na kufungiwa wote ni mambo mawili tofauti.

Ukitaka kupima ya kwako, usiulize 8.8.8.8 (seva ya Google ya kutafuta majina, inayokaa na nakala) peke yake, maana pale utaona namba inayopungua kila ukiuliza. Andika dig, alama ya @ ikifuatiwa na jina la seva ya majina ya mtoa huduma wako, kisha domeni yako. Hapo namba haipungui, na ndiyo TTL halisi. Ilinganishe na uliyotuma. Weka ukaguzi huo kwenye cron (inayoendesha amri kwa ratiba), ikupigie kelele siku namba ikibadilika, kwa sababu hawa hawatakwambia.

Ninachodai kwao: kiwango cha chini cha TTL kiandikwe kwenye mkataba, ombi wasilolitaka likataliwe waziwazi kwa REFUSED, na fedha za miezi iliyobaki zirudishwe. Domeni tunaihamisha wiki hii. Mwenye mtoa huduma anayekubali nsupdate na kuheshimu TTL ya 60, naomba aweke hapa majibu ya dig yake, matangazo yao nimeshayasoma.