Hii akili ya watu wa programu inaweza saidia mradi wa maji ama ni mdomo tu?

mkaaji_seme:
Wakuu habari zenu. Niko kwa kamati ya mradi wa maji huku Seme, kisima kimoja cha pampu, tenki juu, halafu laini inashuka inapitia shule ya msingi, soko, na vioski vya wamama wanauza maji kwa mtungi wa lita 20. Shida yetu imekataa kuisha: maji yenye inatoka kwa tenki na maji yenye inalipiwa hazifanani hata kidogo, karibu nusu inapotelea njiani. Mwenyekiti anasema paipu zimezeeka, wamama wanasema mweka hazina anakula, mweka hazina anasema watu wamejiunganishia usiku, na kila mkutano ni kelele tu. Tumebadilisha vitu kibao kwa mpigo, paipu hapa, mita pale, bei tukapandisha, mama mmoja tukamtoa kwa kioski, na mpaka leo hakuna mtu anaweza sema ni gani ilisaidia na ni gani iliharibu.

Sasa kuna kijana wa ndugu yangu anaandika programu Nairobi, alikuja Pasaka akasikia hio stori akasema ni kazi ya kudibagi tu, yaani kutafuta kosa vile wanatafuta kwa programu, ati tusiguse kitu ingine yoyote mpaka tugawe laini katikati. Wazee hawakufurahia, wakaona ni dharau. Swali langu ni kwa wale wako kwa hio kazi, hii namna yenu ya kufikiri inafanya kazi nje ya kompyuta kweli?

mtoto_wa_kibuye:
Omera huyo kijana yuko sawa, labda ni vile aliongea. Programu ikiharibika na haujui imeharibikia wapi, hausomi yote kutoka juu mpaka chini, unagawa mara mbili, unaangalia shida iko nusu gani, hio nusu unagawa tena. Git, ile programu ya kuweka rekodi ya mabadiliko yenye Linus Torvalds alianzisha 2005, iko na amri yake kabisa inaitwa bisect. Kama kuna mabadiliko 1,000 na moja ndio imeleta shida, ukipima kama mara 10 hivi umeifikia. Kwa laini yako ni hivi: saa nane usiku watu wamelala, vioski vimefungwa, mnafunga valvu ya katikati mnaangalia mita kubwa ya pale kwa tenki. Ikisimama, maji inapotelea chini ya valvu. Ikiendelea vile vile, ni juu. Ikipunguza mwendo tu basi iko pande zote mbili na mko na kazi.

Lakini kitu ya maana zaidi ni hii: kabla mfunge hio valvu kila mtu aandike kwa karatasi anaona nini itatokea. Mwenyekiti aandike, mweka hazina aandike. Bila hio, matokeo yakitoka kila mtu atasema "si niliwaambia" na mtarudi kwa kelele.

fundi_ahero:
Nimecheka sana kwa hii ya saa nane usiku, hio kitu mafundi wa maji wameifanya tangu zamani bila kompyuta. Sasa wacha niwaambie yenye hamjaambiwa. Kwa uso wa mita kuna kapembetatu kadogo kekundu, mulika tochi ya simu uangalie hako, usiangalie namba, juu namba inakaa sana kabla isonge na kapembetatu kanazunguka hata maji ikipita kidogo tu. Pili, valvu nyingi za hii miradi hazifungi kabisa, kutu imekula, kwa hivyo ijaribu mchana kwanza, funga, fungua bomba la chini yake, uone kama inakata maji kweli. Valvu ikidanganya, hio kugawa yenu yote imedanganya.

Tatu, uliza nani ako na tenki yenye boya, ile inajifungulia maji yenyewe ikipungua. Shule ikijaza tenki yake usiku utaona mita inakimbia na hakuna paipu imepasuka. Na pia usichukue kipimo cha usiku upige mara 24, usiku watu hawatumii maji presha inapanda, kwa hivyo tobo lile lile linatoa mingi kuliko mchana.

mwalimu_wa_jogi:
Kwa paipu nakubaliana na nyinyi. Mimi nafundisha jiografia huku Kakamega na shida yangu na watu wa IT ni vile wanatoka kwa paipu wanaruka kwa kila kitu. Programu mpya ikikataa mnarudisha ile ya zamani, maisha inaendelea. Mbuta, yule samaki mkubwa, ililetwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, ikaleta pesa kweli, viwanda vya samaki, minofu ya kuuza Ulaya, na miaka ya 1980 fulu, vile visamaki vidogo vya asili, ikapungua mpaka aina nyingi hazionekani tena. Hio utairudisha na kitufe gani? Kuna maprofesa wawili wa Berkeley, Horst Rittel na Melvin Webber, waliandika 1973 ya kwamba shida za jamii hazina jaribio la bure, kila ukigusa umebadilisha watu na haurudi pale ulikuwa.

Halafu binadamu anajua anapimwa. Wiki mkisema mnaangalia hesabu za vioski, daftari zote zitakuwa safi. Na je, mkikuta paipu ya wizi inaingia kwa boma ya shemeji ya mwenyekiti? Bisect haina jibu ya hio.

njoro_side:
Mwalimu uko na pointi lakini watu wa programu wako na kitu ya hio pia. Seva ikianguka, timu nzuri inaandika ripoti ya kilichotokea na haitafuti nani wa kulaumiwa, inauliza mfumo wetu uliruhusu aje. @mkaaji_seme nakuuliza, nani anasoma mita za vioski? Na nani anapokea pesa? Kama ni mtu mmoja, basi hata akiwa malaika hamna njia ya kujua kama anakula ama hakuli, na yeye hana njia ya kujitetea. Asome mwingine, pesa ipokewe na mwingine, iingie kwa M-Pesa ya mradi sio simu yake. Hapo haujamwita mtu mwizi.

mkaaji_seme:
Ni mtu mmoja 😬 ndio huyo mweka hazina, tangu mwanzo, juu yeye ndio ako na pikipiki.

Na @fundi_ahero umenigusa, shule iko na tenki ya boya na haina mita kabisa. Tulikubaliana watoto wapate maji bure kwa hivyo hakuna mtu aliona haja ya kupima.

mtoto_wa_kibuye:
Sasa hio ndio ya kwanza. Mita ya shule, peke yake, na bei msiguse, paipu msiguse, mweka hazina pia mumwache kidogo. Mwezi moja muone ile "nusu imepotea" inabaki ngapi.

mwalimu_wa_jogi:
Na muwaambie wazazi kabla mita iwekwe ya kwamba bado ni bure, la sivyo kesho yake stori sokoni ni kwamba kamati inauzia watoto maji.

fundi_ahero:
Iwekwe kabla ya tenki ya shule sio baada. Na hio valvu ya katikati ikikataa kuzunguka usiilazimishe na spana refu, shina likikatika usiku soko yote itakaa bila maji mpaka upate ingine Kisumu.