Kitabu cha mwanafunzi kiko 510, kiongozi cha mwalimu kiko 372.7: niainishe vipi vitabu na zana za kufundishia?

MkutubiMgeni

Ndugu wakutubi na wakufunzi, salaam.

Nimehamishiwa hivi karibuni kwenye maktaba ya chuo cha ualimu kinachoandaa walimu wa shule za msingi, nami naomba ushauri kuhusu namna ya kuorodhesha na kuainisha vitabu na zana za kufundishia. Nilikotoka ni maktaba ya umma, ambako wasomaji wangu walitaka riwaya, magazeti na vitabu vya kujisomea vya sekondari, na Dewey, yaani mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, niliyofundishwa chuoni ilinitosha bila matatizo makubwa. Hapa imenigomea.

Nieleze kwa mfano mmoja. Kitabu cha mwanafunzi cha Hisabati, Darasa la Tatu, nimekikuta kwenye 510. Kiongozi cha mwalimu cha kitabu hichohicho kiko 372.7, ukuta wa pili. Muhtasari wa somo uko 375 pamoja na vitabu vya nadharia ya mitaala, na sanduku la vizibo vya soda vya kuhesabia halina namba yoyote, kwani limewekwa stoo pamoja na chati zilizoviringishwa, tufe lililovunjika kishikio, na kaseti ambazo hakuna anayejua zina nini. Msimu wa mazoezi ya kufundisha ukikaribia, mwanachuo huja akaniambia, "Naomba kila kitu cha Hisabati, Darasa la Tatu," nami huzunguka naye pande nne za maktaba kama watu waliopoteza ufunguo.

Jambo jingine ni mtaala ulioboreshwa wa Tanzania, ambao ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu. Vitabu vya mtaala uliotangulia bado vipo, tena vingi, na vimechanganyika na vipya kwenye rafu moja. Je, niviondoe? Pia tunatumia Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, lakini rekodi nyingi zina jina la kitabu, mwandishi na namba ya usajili tu. Ningependa kujua wenzangu mnaohudumia vyuo vya ualimu mmeamua nini kabla sijaanza kubandua lebo.

Mzee wa Katalogi

Ndugu yangu, usibandue lebo hata moja kabla hujaandika uamuzi wako kwenye karatasi. Mtu aliyekiweka kitabu cha mwanafunzi kwenye 510 alijiuliza kitabu kinahusu nini, akajibu kuwa ni hisabati. Aliyekiweka kiongozi kwenye 372.7 alijiuliza swali hilohilo, akajibu kuwa ni ufundishaji wa hisabati katika elimu ya msingi. Kila mmoja alikuwa na hoja, lakini hakuna aliyeacha maandishi ya kumwongoza aliyemfuata, na ndiyo maana leo unatembea pande nne. Dewey, ambaye mfumo wake ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, aligawa maarifa; kugawa vidato na madarasa ametuachia sisi.

Kwa maktaba ya chuo kama chako, mimi ningekusanya kila kitu kinachofundishiwa shule ya msingi ndani ya 372. Kusoma kuna 372.4, lugha 372.6, hisabati 372.7, sayansi na teknolojia 372.35, maarifa ya jamii 372.83. Kitabu cha mwanafunzi, kiongozi cha mwalimu, muhtasari wa somo na zana zake vyote vichukue namba moja. Hiyo 375 uiachie vitabu vinavyojadili upangaji wa mitaala kwa ujumla wake. Muhtasari wa Hisabati si kitabu cha nadharia ya mitaala. Vitabu vya kiada vya sekondari, kama mnavyo, vibaki kwenye masomo yake, yaani 510, 530, 540 na kuendelea, na vile vinavyohusu mbinu za kufundisha somo fulani sekondari viongezewe 0712, kwa mfano 510.712.

Kuna mtego ambao nimeuona katika maktaba zaidi ya moja. Mtu huona neno "zana" akakimbilia 371.33, akarundika humo kila chati na kila kifaa. Namba hiyo ni ya maandishi *kuhusu* zana. Kitabu kinachoeleza namna ya kutengeneza chati kwa gunia na rangi mahali pake ni hapo, lakini chati ya mmeng'enyo wa chakula inahusu mmeng'enyo wa chakula, na iende na sayansi.

Chini ya namba ya Dewey, lebo yako iwe na mstari wa pili unaoonyesha aina: W kwa kitabu cha mwanafunzi, M kwa kiongozi cha mwalimu, H kwa muhtasari, Z kwa zana. Mstari wa tatu uwe mwaka wa mtaala. Kwa njia hiyo vitabu vya zamani havilazimiki kuondoka. Mkufunzi anayefundisha historia ya elimu atavihitaji, na mwanachuo anayelinganisha namna mada ya sehemu (nusu, theluthi, robo) ilivyoelezwa zamani na sasa atavihitaji zaidi. Vitenge rafu ya chini, uache nakala mbili au tatu za kila kimoja, na zinazobaki ufuate utaratibu wa kufuta mali za umma, usizigawe kienyeji.

Sasa sanduku la vizibo. Litendee kama kitabu kimoja chenye kurasa nyingi. Rekodi ya Koha imegawanywa katika sehemu zenye namba; katika sehemu ya 300, ya maelezo ya umbo la kitu, andika: sanduku 1 (vizibo 100, kadi 20 za namba, kijitabu 1 cha maelekezo). Sisi wa zamani, kwa kanuni za kuorodhesha ziitwazo AACR2, tulikuwa tukiandika aina ya kitu ndani ya mabano mara baada ya jina. Kanuni mpya za RDA, zilizotolewa mwaka 2010, zimeiondoa desturi hiyo na kuweka sehemu tatu, 336, 337 na 338, ambazo zinaeleza maudhui ni ya namna gani, kama yanahitaji mashine ili yasomwe, na yamebebwa na nini. Kiwango cha mlengwa, yaani darasa, kiandikwe sehemu ya 521. Orodha ya vilivyomo ibandikwe pia ndani ya kifuniko, kwa sababu anayerudisha sanduku saa kumi na moja jioni hatafungua Koha ili ahesabu vizibo.

Usisahau 653. Vichwa vya mada tunavyotumia, yaani maneno rasmi ya kutaja kitabu kinahusu nini, viwe vya orodha ya Sears au vya Maktaba ya Bunge la Marekani, viko kwa Kiingereza, ilhali mwanachuo wako anaandika "kuzidisha" au "sehemu" kwenye kisanduku cha kutafutia, anapata sifuri, kisha anaondoka akiamini kwamba maktaba haina kitu. Sehemu ya 653 inapokea maneno huru. Yaandike kama yalivyo kwenye muhtasari wa somo, mada kwa mada.

Mkufunzi wa Hisabati

Nimesoma kwa makini maelezo ya Mzee wetu, nami nayaheshimu, ila naomba kutofautiana naye juu ya mpangilio wa rafu. Mwanachuo anapopangiwa mazoezi ya kufundisha hapangiwi 372.7. Anapangiwa Darasa la Tatu, shule fulani, na mara nyingi masomo mawili au matatu kwa pamoja. Akiwa anaandaa azimio la kazi na andalio la somo, anachohitaji ni rafu ya Darasa la Tatu yenye masomo yote, si rafu ya hisabati ambamo la Kwanza na la Sita vimepangwa bega kwa bega. Mimi ningeweka darasa juu ya lebo, kisha somo, na Dewey ningeiachia upande wa vitabu vya rejea.

Kuhusu zana, hata hivyo, nakubali kuwa darasa halifai, kwa sababu kifaa kimoja huvuka madarasa. Vizibo vilevile ambavyo mtoto wa Darasa la Kwanza anavihesabu kimoja kimoja ndivyo mwenzake wa la Tatu anavyovipanga mafungu manne ya vitano ili aone kwamba kuzidisha ni kujumlisha kunakojirudia.

Naongeza jambo kuhusu majina ya rekodi. Nilipokuwa chuo kingine, nilikwenda kumkagua mwanachuo akifundisha sehemu kwa kukata chungwa. Somo lilimwendea vizuri mpaka alipofika theluthi, chungwa likamchuruzika mikononi na watoto wakaacha hisabati wakamcheka. Niliporudi chuoni nilikuta stoo ya maktaba ina seti sita za maduara ya kadibodi yaliyokatwa nusu, theluthi na robo, kazi nzuri ya wanachuo waliotangulia, na kwenye orodha seti hizo zimeandikwa "Vifaa mchanganyiko, furushi 1." Hakuna binadamu atakayetafuta kitu kwa jina hilo. Kama zana imetengenezwa chuoni na haina jina, mkutubi aipe jina linalotaja mada: "Maduara ya kufundishia sehemu: nusu, theluthi na robo."

Rafu ya Nakuru

Hamjambo wenzangu. Mimi ninahudumu katika maktaba ya chuo cha walimu hapa Kenya, na yaliyotupata huenda yakamsaidia aliyeuliza, hasa kuhusu pendekezo la Mkufunzi.

Tulikuwa tumepanga nyenzo zetu kwa darasa, jinsi anavyopendekeza, na tuliupenda mpangilio huo. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, darasa likawa gredi, na elimu ya msingi iliyokuwa ya miaka minane chini ya mfumo wa 8-4-4 ikafupishwa kuwa sita, kisha ikafuatwa na miaka mitatu ya Sekondari Msingi. Lebo zetu za Darasa la Saba na la Nane zikabaki zikitaja kiwango ambacho hakipo tena katika shule ya msingi. Maudhui ya hisabati yaliyokuwa ya mtoto wa Darasa la Saba yakahamia sekondari, na tukalazimika kuamua kama kiongozi cha mwalimu cha Gredi ya 7 kibaki 372 au kihamie upande wa sekondari. Tuliamua kihamie, na mpaka leo baadhi yetu hawajaridhika.

Naona kwamba nanyi Tanzania mnaelekea miaka sita badala ya saba. Ndugu Mgeni, tafadhali usikichapishe kiwango juu kabisa ya lebo, mahali ambapo mpangilio wote utakitegemea. Tulichofanya mara ya pili ni kuiacha nambari ya Dewey itawale rafu, kisha kiwango tukakionyesha kwa utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu, rangi moja kwa kila gredi. Utepe hubanduliwa kwa dakika moja bila kugusa lebo. Ndani ya hisabati, anayetaka Gredi ya 3 hufuata rangi ya kijani kwa macho. Anayetaka Gredi ya 3 katika masomo yote hutafuta katika katalogi kwa kiwango, mradi tu 521 imejazwa kwa maneno yaleyale kila mara. Sisi tuliandika "Gredi ya 3", "Gredi 3" na "G3" katika rekodi tofauti, na utafutaji ukawa unaleta theluthi moja ya vilivyopo.

Wa Chuo Kikuu

Kwa ufupi, kwa wanaotumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani: msidanganywe na kundi la LT. Jina lake ni vitabu vya kiada, lakini ni vile vya jumla vinavyobeba masomo kadhaa kwa pamoja. Kitabu cha kiada cha fizikia kinakwenda QC pamoja na fizikia nyingine. Kwa sababu hiyo sisi tulitenga chumba cha nyenzo za shule na kukipa alama yake mbele ya namba, bila kubadilisha namba zenyewe.

Mkufunzi wa Hisabati

Hoja ya Kenya ina uzito, na naondoa pendekezo la kuweka darasa juu ya lebo. Naomba tu kwamba wiki tatu kabla ya mazoezi ya kufundisha mkutubi atenge meza moja kwa kila darasa, achukue nakala kutoka rafuni na kuzipanga hapo kwa muda. Mwanachuo mwenye haraka hatapambanua rangi sita.

Mzee wa Katalogi

Meza za msimu ni jambo jema, na Koha inaruhusu mahali pa nakala pabadilishwe kwa muda, ili katalogi isimdanganye msomaji kwamba kitabu kiko rafuni. Kuhusu kaseti, usiziorodheshe kwa kusoma maandishi ya ganda lake. Zisikilize kwanza. Nimewahi kufungua ganda lililoandikwa "Matamshi ya Kiingereza" nikakuta taarabu upande wa kwanza na wa pili.

MkutubiMgeni

Nawashukuru nyote. Nimeanza na Hisabati, Darasa la Tatu peke yake ili nione kama utaratibu unashika. Kitabu cha mwanafunzi, kiongozi, muhtasari na zana sasa viko 372.7, na herufi ya aina na mwaka wa mtaala viko chini yake. Utepe nimechagua wa manjano kwa sababu ndio uliokuwepo dukani. Uamuzi wenyewe nimeuandika ukurasa mmoja, nikauweka kwenye jalada la maktaba na nakala nikambandikia msaidizi wangu mezani.

Sanduku la vizibo lilipofunguliwa lilikuwa na vizibo 83, na kumi na vinne kati yake vina kutu yenye ncha kali. Hivyo vya kutu nimevitupa, na kwenye rekodi nimeandika 69, si 100 kama kifuniko kinavyodai, kisha nikamwomba mwenye mgahawa wa chuo anikusanyie vingine. Maduara ya sehemu nasi tunayo, seti mbili. Yalikuwa ndani ya mrija wa chati ya mifupa. Wiki ijayo naingia Sayansi, na kabati la kaseti nimelifunga mpaka nipate redio inayoweza kuzisoma.